Simu imefungwa, lakini imefungwa na nani?

Alasiri moja mjini Garissa, hatua chache kutoka soko la Suuq Mugdi, nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha fundi wa simu nikingoja kubadilishiwa kioo. Akaja mama mmoja wa makamo, akatoa simu mkobani na kuiweka juu ya meza.

"Simu imefungwa," akasema.

"Imefungwa vipi, eddo?" akauliza kijana anayejifunza kazi. Eddo ni shangazi kwa Kisomali, na ndivyo mama wa umri ule anavyoitwa huku hata na asiye wa ukoo wake.

"Imefungwa tu. Imejiloki. Kutoa loki ni ngapi?"

Kijana alitaja bei papo hapo, bila hata kuiwasha ile simu. Fundi mwenyewe, aliyekuwa ameinamia simu yangu, akainua kichwa. "Hebu ngoja kwanza. Eddo, imefungwa na nani?"

Mama alimtazama kama aliyeulizwa kitendawili. "Na nani tena, walaal? Si simu imejifunga yenyewe?"

Msomaji, nimekuwa nikilitafakari swali hilo la fundi tangu siku ile. Ni swali la kazi, kwani fundi alitaka kujua aanzie wapi. Lakini pia ni swali la sarufi, tena sarufi ya kidato cha kwanza: mtenda ni nani? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba Kiswahili tunachokitumia kuzungumzia simu zilizofungwa, kuanzia kile cha kibandani hadi kile kilichofasiriwa na makampuni makubwa na kuandikwa kwenye vioo vya simu zetu, kimemficha mtenda. Maadamu mtenda hajulikani, mwenye simu hajui abishe mlango upi, na aghalabu hulipia mlango usio wake.

Hebu tuanze kwa kuhesabu. Mtu akisema "simu imefungwa" anaweza kuwa na maana angalau sita.

Ya kwanza ni kufuli la kioo: mchoro, nambari ya siri au alama ya kidole aliyoiweka mwenye simu mwenyewe. Ya pili ni kufuli la laini. Ukikosea PIN ya laini mara tatu, laini hujifunga na kudai PUK, na ukikosea PUK mara kumi, laini hiyo imekufa. Hapo simu yenyewe haina hitilafu yoyote. Ya tatu ni kufuli la mtandao, linalowekwa na kampuni ya simu ya ughaibuni ili kifaa kisitumie laini ya kampuni nyingine. Ndugu akikutumia simu kutoka Marekani, usishangae ikikataa laini ya hapa.

Ya nne ni kufuli la mkopo. Mwaka 2020 Safaricom, kwa ushirikiano na Google, ilizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo wakati huo mtu alilipia simu kwa shilingi 20 hivi kwa siku, na akiacha kulipa, simu hufungwa kutoka mbali. (Walimu wa sarufi tungependa iwe "kidogo kidogo", lakini nakiri kwamba mtaa ulishatushinda katika hilo.) Ya tano ni kuzimwa kwa kifaa katika mitandao yote kwa kutumia nambari yake ya IMEI, jambo ambalo Wakenya walilionja mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zilipozimwa nchini.

Ya sita ndiyo iliyomleta yule mama kibandani: kufuli la akaunti. Hili ni kufuli la kuzuia wizi. Apple ililileta kwenye iPhone mwaka 2013, nayo Google ikalileta kwenye Android 5.1 mwaka 2015. Halikuzuka hivi hivi. Wizi wa simu ulikuwa umekithiri katika miji ya Marekani, na wabunge wa majimbo wakayashinikiza makampuni. Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kulazimisha kinga ya namna hiyo lilikuwa Minnesota, Mei 2014, na sheria ilihusu simu zitakazouzwa kuanzia Julai 2015. California ilifuata mwaka huo huo wa 2014. Wasomaji wangu wa Garissa wanaijua Minnesota vizuri kuliko mimi. Ni nadra kupata ukoo hapa usio na mtu Minneapolis.

Kazi ya kufuli hili ni rahisi kuieleza. Unapoweka akaunti yako kwenye simu, jina la akaunti hiyo huhifadhiwa pia katika sehemu ya kumbukumbu ambayo haifutiki simu inapofutwa. Mwizi akiifuta simu kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, picha, majina na jumbe huondoka, lakini simu ikiwaka huuliza: ni nani aliyekuwa na akaunti humu? Asipojibu, simu haitumiki. Kwa hiyo anayeiba simu huambulia kioo na betri. Ni wazo zuri, nami sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni na maneno. Tulizoea kuhakiki mashairi na riwaya katika safu kama hii, lakini yapo matini mafupi ambayo husomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote, na hakuna anayeyahakiki. Ujumbe unaotokea kwenye simu iliyofutwa ni mojawapo. Kwa muhtasari unasema kwamba kifaa kimewekwa upya, na kwamba ili uendelee, uingie kwa akaunti iliyowahi kusawazishwa kwenye kifaa hicho. Msamiati wake karibu wote ni sanifu. Tena wafasiri walijitahidi, nami nawapa heshima yao kwa kuthubutu. Hata hivyo nilimwomba fundi anionyeshe ujumbe huo kwenye simu ya mama, nikamsomea mama kwa sauti, na haya ndiyo yaliyotokea.

Nilipofika kwenye "kusawazishwa", kijana alicheka. "Kusawazisha ni bao, mwalimu." Na kweli. Kwa mzungumzaji wa kawaida, kusawazisha ni kufanya kitu kiwe sawa: kusawazisha ardhi kabla ya kujenga, au timu iliyofungwa bao moja kurudisha bao hilo. Wengine wamependekeza "kulandanisha", neno ambalo angalau halina bao ndani yake, ila mama hakulijua pia. Katika maneno haya mawili, hakuna hata moja linalosema kilichofanyika, yaani kwamba jina la mtu fulani liliandikwa kwenye simu hii, na simu inalikumbuka. Mzungumzaji wa kawaida angesema tu: "akaunti iliyokuwa kwenye simu hii". Hapakuwa na haja ya istilahi.

Nilipofika kwenye "akaunti", mama alinikatiza. "Mimi sina akaunti. Pesa yangu iko kwa M-Pesa." Hapa hapakuwa na kicheko. Kwake yeye, na kwa watu wengi wazima, akaunti ni ya benki. Tena tumekuwa tukiwaonya wazazi wetu mchana na usiku: mtu yeyote akikuuliza mambo ya akaunti na nambari ya siri kwenye simu, ni tapeli, kata simu. Kisha simu yenyewe inawasha kioo na kuuliza akaunti na nenosiri. Kinga dhidi ya mwizi inazungumza kwa maneno ya mwizi. Mama akiogopa, nani amlaumu?

Na kuna "kuweka upya". Usemi huu, pamoja na mwenzake "kurejesha mipangilio ya kiwandani", ndio ulionisumbua zaidi. Mtu aliyefungiwa nje ya simu yake ana neno moja moyoni: anataka irudi. Neno "rejesha" linamwahidi hasa hilo. Kumbe kitakachorejeshwa ni hali ya simu ilipokuwa kartonini, na kila alichokiweka humo kitafutwa. Nimewaona wanafunzi wangu wenyewe, watu wa chuo, wakibonyeza "rejesha" wakidhani wanarudishiwa picha zao. Neno la kweli hapa ni "kufuta". Neno hilo lina ukali unaostahili, na mtu hufikiri mara mbili kabla ya kufuta.

Lakini kasoro kubwa ya matini yale ni ya kisarufi. "Kifaa kimewekwa upya." Na nani? Kauli ya kutendwa hutupa ruhusa ya kumwacha mtenda nje ya sentensi, na kila taasisi duniani huipenda ruhusa hiyo. Fedha "zimepotea", faili "haijaonekana", maji "yamekatwa". Simu nayo "imewekwa upya". Ukiuliza na nani, ndipo kisa kizima cha mama yule kinapofunguka kama kilivyofunguka pale mezani.

Fundi aliuliza polepole, mama akajibu. Mjukuu alikuwa akichezea simu, akabadilisha mchoro wa kioo, kisha akausahau. Hilo lilikuwa kufuli la kwanza, na mtenda ni mjukuu. Kijana wa jirani, mwenye nia njema, akachukua simu na kubonyeza vitufe vya pembeni hadi ikafutika. Menyu ya vitufe hivyo, kwa taarifa yako, ni ya Kiingereza kitupu hata kama simu imewekwa Kiswahili, hivyo mama asingeweza kujua kilichokuwa kikifanywa. Mtenda wa pili ni jirani. Simu ilipowaka, kufuli la akaunti likashuka. Na akaunti ni ya nani?

"Nani alikufungulia akaunti, eddo?" fundi akauliza. "Siku uliyonunua simu, nani aliiweka weka?"

Mama akafikiri. Binamu yake mwenye duka Eastleigh, Nairobi, ndiye aliyemnunulia simu. Ndiye aliyeiandaa, akamwekea WhatsApp na kumtumia kwa basi.

Kijana mwanagenzi akapiga meza kwa kidole. "Basi aliyekufungulia akaunti ndiye amekufungia simu."

Sikuwa nimetarajia kusikia mnyambuliko ukitumiwa kwa ustadi hivyo kibandani, na yule yule aliyekuwa ametaja bei bila kuwasha simu. Mzizi mmoja, -fung-, umefanya kazi yote. Kufunga, kufungua, kufungulia, kufungia. Kiswahili hakina uhaba wa nyenzo za kueleza jambo hili, na nyenzo zenyewe hazimo katika orodha za istilahi. Zimo katika kitenzi, na kila mtoto aliyekua akizungumza lugha hii anazo.

Tuzitazame. "Simu imejifunga": kiambishi -ji- kinasema mtenda na mtendwa ni mmoja. Hiyo inafaa kwa laini iliyokosewa PIN au kioo kilichojizima baada ya muda. "Nimeifunga simu": mtenda ni mimi, kwa mchoro au nambari yangu. "Simu imefungika": hali tu, hatujui chanzo, tunaenda kuchunguza. "Nimefungiwa simu": hapa kauli ya kutendewa inaleta mtu wa pili, aliyeifunga, na mimi niliyeathirika. Hiyo ndiyo hali ya simu ya mkopo, na hiyo ndiyo hali ya akaunti iliyo kwa jina la mwingine. Watu wanaijua tofauti hii bila kufundishwa. Hakuna asemaye "nimejifungia simu" anapodaiwa. Husema "wamenifungia", na ukiuliza akina nani, atakutajia.

Sasa linganisha na "imeloki" na "imejiloki". Kitenzi kilichokopwa kimeingia bila ndugu zake. Husikii "amenilokia", husikii "imelokika". Tumekopa neno moja na kuacha nje mnyambuliko mzima uliokuwa ukitusaidia kufikiri. Wapo watakaosema Kiingereza kingetutatulia shida hii. Sioni vipi, kwa sababu ni Kiingereza kilichotupa neno moja hilo kwa makufuli yote sita.

Msamiati wa ufundi nao una ukungu uo huo. Kuflashi kwa Mkenya ni kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea. Flashi pia ni kile kidude cha kuhifadhia faili. Kwa fundi, kuflashi ni kufuta programu endeshi ya simu na kuweka nyingine. Mteja akiambiwa "nitaiflashi, itakuwa sawa", anasikia jambo jepesi kama kupiga na kukata. Kisha kuna "baipasi", yaani kuzunguka kufuli la akaunti bila kujua akaunti yenyewe. Kwa barabara, wenzetu wa Tanzania huiita mchepuko, na kila Mtanzania anajua mchepuko mwingine ni upi. Nadhani neno hilo lingefaa hapa kwa sababu zote mbili: ni njia ya pembeni, na kwa kawaida kuna mtu anadanganywa.

Siwatetei wanaozunguka makufuli ya simu za wizi, na sitaki nieleweke hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14 kwa kushika mali ya wizi akijua ni ya wizi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 nayo inaharamisha kuingia kwenye mfumo bila idhini. Fundi yule alikuwa na daftari. Kabla ya kugusa simu iliyofungwa aliandika nambari ya IMEI, jina la mteja, na iwapo ana risiti au karatoni. Swali lake, "imefungwa na nani", lilikuwa pia njia yake ya kupima kama aliye mbele yake ni mwenyewe au la. Mwizi hana jibu la swali hilo. Mama alikuwa na jibu, na lilikuwa refu.

Hapa ndipo jambo hili linapogusa Garissa kuliko pengine, nami nitalisema wazi. Kufuli la akaunti limejengwa juu ya dhana kwamba mwenye simu ndiye anayejua nenosiri. Mtu mmoja, simu moja, akaunti moja, laini moja, vyote kwa jina moja. Katika miji ya waliolibuni, huenda ndivyo mambo yalivyo. Kaskazini Mashariki mwa Kenya sivyo. Simu hununuliwa na binamu, huandaliwa na mwuza duka, hutumiwa na nyumba nzima. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha anayekuwa nacho.

Na kitambulisho, huku, hakikuwa jambo la kuchukua tu. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya Wasomali, waliopita wakapewa kadi za rangi ya waridi za kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya. Kwa miongo iliyofuata vijana wa huku walifika mbele ya kamati za wazee kuthibitisha walichozaliwa nacho. Maelfu ya wengine walikwama kwa sababu alama zao za vidole zilikutwa katika sajili ya wakimbizi ya Dadaab. Ni mapema mwaka 2025 tu ndipo Rais William Ruto alitia saini agizo la kuondoa msasa wa ziada katika kaunti za mpakani. Kwa hiyo simu inapomwambia mtu wa Garissa athibitishe kwamba ni yeye, neno "thibitisha" halisomeki kama linavyosomeka Nairobi, sembuse California. Ameshaambiwa athibitishe. Na ushahidi anaotakiwa kuuleta, yaani msimbo utakaotumwa kwenye laini, huenda uko kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji.

Ndiyo maana nasema neno "kufuli" lenyewe linatupotosha kidogo, ingawa nalipenda. Kufuli la mlango lina ufunguo, na ufunguo ni kitu. Ukipotea, fundi atachonga mwingine na hataki kujua wewe ni nani. Kufuli la akaunti halina ufunguo wa namna hiyo. Linataka shahidi. Linauliza kuhusu mtu, si kuhusu kitu. Wateja wanaokuja kibandani wakisema "nitolee loki" wanadhani wanakwenda kwa mchonga funguo, ilhali wanachohitaji ni kumtafuta shahidi wao: yule aliyefungua akaunti.

Katika hili Garissa ina bahati ya kuwa na lugha mbili zinazojibizana. Kisomali husema quful, nasi husema kufuli, na yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Kwa Kisomali, kufungua ni fur, na ufunguo ni fure, kama vile sisi tulivyotoa ufunguo katika kufungua. Nenosiri katika Kisomali cha mitandaoni huitwa furaha sirta ah, yaani ufunguo wa siri. Mswahili akiisoma kwa mara ya kwanza atadhani ameahidiwa furaha ya siri. Nilimweleza kijana mwanagenzi mzaha huo, akasema wateja wao wakifunguliwa simu hupata furaha zote mbili.

Kwa hiyo napendekeza nini? Sipendekezi kamati ya istilahi. Napendekeza mambo matatu ya kawaida.

Wafasiri wa makampuni waandike sentensi zenye mtenda, na waseme "futa" wanapomaanisha kufuta. Ujumbe ule ungeweza kusema: "Simu hii imefutwa. Kabla ya kufutwa ilikuwa na barua pepe ya mtu. Ikiwa ni yako, iandike hapa. Ikiwa si yako, mwulize aliyekuuzia au aliyekuandalia simu." Hakuna neno gumu hapo, na mama angejua la kufanya bila kumlipa mtu.

Wauzaji na mafundi waache "imejiloki" na waulize kama fundi yule. Tukitaka majina, tunayo: kufuli la kioo, kufuli la laini, kufuli la mtandao, kufuli la mkopo, kufuli la akaunti. Kuzimwa kwa IMEI kubaki kuzimwa, kwa sababu watu walishaliita hivyo tangu 2012 na walisema sawa.

Sisi wengine, tunaowaandalia wazazi simu, tujue kwamba kumfungulia mtu akaunti kwa jina letu ni kumwekea kufuli ambalo sisi ndio ufunguo wake. Tumfungulie kwa jina lake, na tumwandikie barua pepe hiyo kwenye karatasi anayoihifadhi na kitambulisho. Anayeuza simu aiondoe akaunti yake kwanza, kisha aifute kupitia mipangilio ya simu, siyo kwa vitufe vya pembeni. Anayenunua simu ya mkononi mwa mtu aiwashe mbele ya muuzaji hadi ifike mwisho wa maandalizi, abonyeze *#06# alinganishe IMEI na karatoni, na ashike risiti. Aliyesahau nenosiri alitafute kwanza kwa kutumia kompyuta au simu nyingine, kabla ya kumwachia yeyote aifute simu. Akilibadilisha, Google hushauri angoje saa 24 kabla ya kuifuta. Mwenye iPhone na risiti halisi anaweza kuiomba Apple yenyewe iondoe kufuli. Yote haya ni maarifa ya bure. Yanauzwa ghali kwa sababu tu hayajasemwa kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Nimewahi kuambiwa kwamba wahakiki wa lugha tunapoteza muda kwa viambishi ilhali watu wana shida za kweli. Pale kibandani tofauti kati ya -ji- na -iw- ilikuwa tofauti kati ya kulipa na kutolipa. "Imejifunga" ilimleta mama kwa fundi akiwa na pesa mkononi. "Nimefungiwa" ilimpeleka kwa binamu.

Fundi alimwazima simu yake. Mama akampigia binamu Eastleigh, wakazungumza Kisomali kwa muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka. Nilidaka maneno machache tu, fure likiwa mojawapo. Binamu alikuwa ameandaa simu nyingi mwaka ule kwa barua pepe tofauti tofauti, na ya mama hakuikumbuka. Aliahidi kutafuta jioni akifunga duka. Mama akairudisha simu mkobani, bado imefungwa, akauliza anadaiwa ngapi.

"Hakuna, eddo," fundi akajibu. "Sijafungua kitu."